Nyundo ya Kuvunjia Kioo

Mwanangu Adongo,

Huku Kaloleni tuko salama. Paka amezaa ndani ya kofia ya marehemu baba yako, nami nimemwacha.

Nakutumia nyundo ya kuvunjia kioo cha gari, yenye kisu cha kukata mkanda. Uzair muuzaji alicheka, "Mama, umezishika zote dukani!" Nilitaka isiyoteleza mkono ukilowa. Gonga kioo cha mlango, pembeni. Cha mbele hupasuka tu, hakitoki.

Nikisikia mvua inanyesha huko kwako Bondo, nakuwaza darajani, silali. Hili sikukuambia msibani: walipomtoa baba yako mtoni, nyundo yake ilikuwa kwenye buti ya gari, bado ndani ya nailoni. Unajua alivyotunza vitu vipya.

Ikifika, nipigie simu nisikie ukiichana nailoni.

Mama yako,
Ajwang