Kumbe ni Vidogo

Jumatatu, 6 Mei

Dada kasoma habari tena. Mimi nimetafsiri tena. Ndivyo tulivyogawiwa tangu tuanze majaribio hapa redioni: yeye ndani ya kioo cha studio, mimi nje ya kioo. Nafasi ni moja tu. Wiki hii ikiisha, Mhariri atachagua.

Si dada wa tumbo moja, ni binti wa mama mkubwa, ila tunalala chumba kimoja na shule tumemaliza pamoja. Ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nikisalimiwa tu, yangu inakimbilia tumboni.

Habari kubwa leo: vita vya ng'ambo. Jemadari mmoja katishia kutumia silaha za nyuklia "za kimbinu". Nikaandika hivyo hivyo. Dada alipofika kwenye mstari ule akasoma: "vibomu vidogo vya nyuklia." Vibomu! Mhariri akacheka kwa raha — eti hicho ndicho Kiswahili cha msikilizaji.

Nyumbani, Mama alikuwa anatusubiri mlangoni. Kaka yangu anapakua meli bandarini, katika nchi inayopakana na ile yenye vita.

"Kumbe ni vidogo," akasema. "Afadhali."

Akala, akamaliza sahani. Hajala hivyo tangu vita vianze. Akamshukuru Dada. Mimi akaniambia nitoe vyombo.

Jumanne, 7 Mei

Nimesoma mpaka macho yanauma. Silaha ya kimbinu ni ya uwanja wa vita: inarushwa karibu, ipige kikosi, daraja, uwanja wa ndege. Ya kimkakati inavuka bahari, ipige miji mikuu na viwanda, ivunje uti wa mgongo wa nchi nzima. Tofauti ni kazi na umbali. Si udogo! Baadhi ya hizo "ndogo" zina nguvu kuliko bomu lililoangamiza mji mzima katika Vita Vikuu vya Pili.

Nikamwambia Dada tukiosha vyombo. Akaniita Kamusi. Akasema nimwache Mama apate usingizi.

Na kweli anaupata. Sasa nataka kumwambia kwa sababu ni kweli, au ili aache kumsifu Dada? Sijui. Naogopa kwamba najua.

Alhamisi, 9 Mei

Kesho kuna kipindi maalumu: maelezo ya silaha hizi, pamoja na simu za wasikilizaji. Mtangazaji — nani mwingine! Mwandishi mimi.

Dada hakuelewa, nikamfafanulia kwa mpira. Mbinu ni namna ya kumpita beki aliye mbele yako. Mkakati ni namna ya kutwaa ubingwa. Baadaye nikamsikia akimpa Mhariri mfano ule ule, neno kwa neno. Mhariri akampigia makofi. Hakunitaja. Mwiba wa samaki kooni — haushuki, hautoki.

Nimemaliza kuandika kipindi. Kuhusu udogo sikuandika kitu. Aulizwe tu. Nione hiyo sauti itamtoa nyoka gani.

Ijumaa, 10 Mei

Naandika nje ya kioo. Wimbo unapigwa.

Kipindi kilikwenda vizuri mno. Kisha simu ikaingia. "Mimi msikilizaji wenu…" Mama! Akajifanya mgeni, halafu akajisahau:

"Mwanangu, hivyo vibomu ni vidogo kiasi gani? Maana kaka yako yuko karibu na huko."

Dada akapekua karatasi zangu. Akageuza ya mwisho, akaangalia hata nyuma yake. Hakuna. Akaniinulia macho. Sura hiyo nimeingoja tangu jana. Nilidhani itakuwa tamu.

Nikasubiri abuni. Kubuni anajua. Akasema, hewani, taratibu:

"Mama, hilo analijua mdogo wangu. Kipindi hiki kaandika yeye, na ule mfano wa mpira ni wake. Usikate simu. Tusikie wimbo, kisha atakujibu mwenyewe."

Mhariri kaufungua mlango wa studio, kaushika, ananitazama kama ndiyo kwanza ananiona. Dada amesogea hadi ukingoni mwa kiti. Anapigapiga nafasi iliyobaki.

Mama hajakata simu. Namsikia kwenye spika ya huku nje. Anaufuatisha wimbo kidogo kidogo, kwa pua, kama anavyofanya akiwa hana wasiwasi wowote.

Kiitikio cha mwisho hiki.