Vidonge Nilivyoviweka Madhabahuni

Jumanne, 3 Mei

Bwana asifiwe, daftari langu. Hujambo? Umeshindaje humo kabatini na harufu ya dawa ya nondo? Mimi si mzima sana. Kichwa tangu Jumapili, huku kisogoni, kama mtu anakaza kamba. Leo nimechambua nyama ya kaa nusu karai tu, macho yakawa mazito.

Jucineide, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, kapita na mkoba wake. Kanifunga mkono kwenye mashine. Nikaanza kumweleza jinsi kaa wa mikokoni walivyokonda mwaka huu, akanikatiza: Mama Edileuza, mdomo huo unapandisha presha, nyamaza! Eti nikae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, kimya. Dakika tano! Mimi! Kapima mara mbili. Kumi na saba kwa kumi, yaani mia na sabini kwa mia; ya kawaida ni kumi na mbili kwa nane. Nikasema ni kahawa hiyo. Haya, kasema, kesho tutapima bila kahawa, na keshokutwa pia.

Ijumaa, 6 Mei

Bila kahawa: kumi na saba kwa kumi. Siku ya tatu vilevile. Leo zahanati. Daktari kasema hii ni presha, si uchovu, na wengi hukaa nayo miaka bila hata kichwa kuuma, mpaka kiharusi. Kidonge kimoja kila asubuhi. Mpaka lini, daktari? Kila asubuhi, mama. Nikauliza tena. Kajibu vilevile.

Na chumvi. Nyama ya chumvi kwenye maharage, basi. Soseji, basi. Mchana nimepika maharage matupu. Adailton kaonja, kaweka kijiko chini, kauliza nani kafiwa. Mume gani huyu! Sikucheka. Nimechoka. Miaka hamsini na minne, vidole vimejaa makovu ya magamba ya kaa, na sasa hili nalo.

Jumatano, 1 Juni

Kumi na mbili kwa nane!! Jucineide kapima mkono wa kulia, kapima wa kushoto. Kasema hongera Mama, endelea hivyohivyo.

Nilifunga na kuomba siku saba kwa ajili ya jambo hili. Bwana amejibu. Kichwa chepesi. Nimechambua karai zima huku naimba.

Jumapili, 5 Juni

Nimeshuhudia! Kwetu anayetendewa jambo huleta alama yake madhabahuni. Aliyetembea huacha magongo, aliyeacha ulevi huleta chupa. Mimi nimepeleka vidonge vyangu vyote vilivyobaki. Nikasema: ndugu zangu, ilikuwa kumi na saba kwa kumi, leo ni kumi na mbili kwa nane! Kanisa zima likasimama. Mchungaji Ezequias akavinyanyua juu watu wavione.

Ndugu Valdomiro, mpiga tari wetu, ana presha mwaka wa tisa. Kalia kama mtoto. Katoa vyake mfukoni, kaviweka juu ya vyangu. Kanishika mkono: dada, imani yako imenifungua.

Nyumbani nimepika maharage na nyama ya chumvi. Adailton kala sahani mbili, kasema sasa na yeye kaokoka.

Jumatano, 22 Juni

Kamba ya kisogoni imerudi. Jucineide kapima. Kumi na nane kwa kumi na moja.

Vidonge viko wapi, Mama? Madhabahuni. Kakunja mashine yake polepole. Heri angenigombeza. Halafu: Mama, mtumbwi wako unavuja. Unachota maji, unakauka. Ukiuona mkavu, unatupa kata ya kuchotea? Nikamwambia Bwana anaponya. Kasema, anaponya, na kata nani kakupa?

Ile kumi na mbili kwa nane ilikuwa ya vidonge. Na Bwana ndiye aliyenipa. Mbona sikuviona vyote viwili pamoja?

Kaniletea vingine, nimeanza tena. Nimevificha kwenye debe la unga wa muhogo. Adailton hajui. Kanisa halijui. Ndugu Valdomiro hajui — Ee Bwana, Ndugu Valdomiro!

Ijumaa, 24 Juni

Fataki za sikukuu mtaani, kila moja inanigonga kichwani. Marinalva, mke wa Valdomiro, kaja mbio na kilemba upande. Mumewe anatoka damu puani tangu asubuhi. Jucineide kampima: ishirini kwa kumi na mbili. Kamwambia twende zahanati sasa hivi, Valdomiro kakataa. Kasema nikirudia vidonge nitamwambia nini Mungu, na Dada Edileuza anakula nyama ya chumvi naye ni mzima?

Nilidhani kaja kunilaumu. Kumbe kaja kuniomba nimwombee! Dada, wewe unasikiwa. Nikamwombea. Debe la unga nyuma yangu.

Jumamosi, 25 Juni

Nimekwenda kwake, kidonge changu kimefungwa kwenye leso. Kakaa mlangoni anakaza ngozi ya tari, macho mekundu. Kaniona, kapiga kelele: njooni muone dada wa muujiza! Majirani wakatoka. Nikauliza kichwa vipi. Shetani anabisha hodi, kasema, lakini simfungulii.

Nikafungua mdomo nimwambie. Kanikatiza: kesho wageni wanakuja kutoka kanisa la ng'ambo ya mto, Mchungaji anataka ushuhude tena. Nitakupigia tari, dada!

Nikarudi na leso yangu. Mwoga mimi. Yeye anasema ni imani, mimi nalinda jina.

Jumapili, 26 Juni

Niko kanisani, benchi la tatu. Wanadhani naandika mahubiri.

Wageni wamejaa mpaka dirishani. Saa ya ushuhuda. Kipaza sauti kinapita mkono kwa mkono, kinakuja upande wetu. Mchungaji kasema wa mwisho ni Dada Edileuza. Makofi! Asubuhi hii nimemeza kidonge changu. Vilivyobaki vimo ndani ya Biblia, vinaifanya isifungike.

Ndugu Valdomiro yuko mbele, tari magotini, haipigi. Mkono mmoja umeshika kipaji cha uso. Kageuka kanitabasamia. Marinalva naye.

Nikisema, wageni watacheka, Mchungaji ataniondoa kwenye kwaya, na Adailton atasikia habari za debe mbele ya watu. Nisiposema —

Watu wawili kabla yangu. Bwana, sikuombi uniponye leo. Nataka kujua nianze na neno gani. Mmoja sasa. Vidonge nimevitoa, viko kiganjani, karatasi yake inalia, jirani ameniangalia. Naandika kwa mkono mmoja.

Nijibu upesi, Bwana. Kipaza sauti hiki hapa; nasimama na vidonge mkononi —