Kasia Lililogonga Mara Tatu

Vizimbani, 4 Juni

Shikamoo Babu,

Dume la ziwa hili kwa sasa ni mimi. Mamba wakiniona wananiamkia. Goti lako linasemaje? Mimi chuma, isipokuwa jino moja nililoliacha majini.

Nalinda vizimba vya samaki vya bosi, kwenye ghuba yenu ya zamani. Usinune. Nyinyi ziwa mlilibembeleza, sisi tunalifuga: samaki wanakula kwa saa kama watoto wa bweni. Mwenye nyavu akisogea, halali yangu. Wiki iliyopita nilimvunja mmoja vidole, akaondoka anaogelea kwa mateke. Jana asubuhi, ukungu mzito, ukaja mtumbwi. Nikamshushia mwenye mtumbwi kasia la uso, nikasikia mfupa unaitika. Maji yakawa chai ya rangi! Leo mimi mkuu wa walinzi, na darasa la sita langu hilihili.

Mjukuu wako,
Kambare

Nyumbani, 9 Juni

Kambare,

Marahaba. Goti niachie mwenyewe.

Baba yako mdogo aliletwa na upepo, amelala ndani ya mtumbwi wake. Taya linaning'inia, jicho moja halipo. Siku nne alikoroma damu. Jana tumemzika. Ndiye aliyekuopoa ziwani una miaka minne, akakuita Kambare kwa lile tope mdomoni.

Alikwenda kutega pale alipotega baba yangu. Wewe unaita wizi. Haya, ziwa lenu.

Nina swali moja. Kwenye ukungu sisi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, mara tatu, mwenzako ajue ni mtu wa nyumbani, naye ajibu. Yule hakuwahi kusahau. Aligonga?

Babu yako

Vizimbani, 30 Juni

Shikamoo Babu,

Najua hutaitikia. Barua hii nimeichana mara tatu. Kwanza nilisingizia kelele za injini ya boti yetu ya doria. Halafu nikasema siku hizi tunapiga filimbi, mambo ya kugonga nilishasahau. Ya tatu nilimlaumu marehemu. Mimi, mwenye mdomo wote huu, nimeishiwa uongo.

Injini ilikuwa imezimwa.

Aligonga. Mara tatu, polepole, kama ulivyonifundisha. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kujibu. Wenzangu nyuma wakaangua kicheko: "Kambare, wazee wenzako hao wanapiga hodi! Wakaribishe basi!"

Nikaona aibu, Babu. Kasia nililoinua kumjibu ndilo nililompigia.

Mjukuu wako