Nimemtandikia mke wangu sakafu ya matofali, sasa anapitia mlango wa nyuma

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kuliko wangu basi ipokee tu, kwa sababu leo mimi ndiye ninayeomba msaada na mwenye shida hachagui. Mimi ni fundi uashi, huu ni mwaka wa thelathini nipo kazini, nimejenga nyumba za watu na kuwatandikia sakafu za kila namna, lakini yangu mwenyewe ilibaki saruji tupu yenye nyufa, ndiyo yale yale ya mganga hajigangi, na mke wangu kila mwaka alikuwa ananikumbusha bila kelele kwamba yeye hataki makubwa, anataka tu vigae vyeupe ambavyo ukipitisha kitambaa mara moja vimetakata, nami kila mwaka namwambia mwakani.

Sasa mwaka huu binti yetu mkubwa alijifungua, mke wangu akaenda kukaa naye wiki tatu kumsaidia na mtoto, nikasema hii ndiyo nafasi, akirudi akute sakafu mpaka ashike mdomo, na siku hizo hizo nikasikia kwamba lile tanuru la matofali tulikokutana tukiwa vijana linafungwa na mwenyewe anauza yaliyobaki, moyo ukaniruka, kwa sababu mimi pale nilikuwa napanga matofali ndani ya tanuru na yeye alikuwa mbebaji, anayatoa tanuruni anayapeleka kwenye lori, kumi na mawili kichwani juu ya kata ya kitambaa, shingo imenyooka, hatikisiki, hata wachimba udongo walikuwa wanasimama kumwangalia, na mimi nilimpenda kwa shingo ile, sikufichi, akabeba hivyo mpaka mimba ya huyu binti yetu ilipofika miezi saba, ndipo nikapata kazi ya ujenzi akapumzika. Nikajiambia vigae ni vya watu wote, matofali haya ni yetu wawili.

Niliyachagua moja moja kwa mkono wangu, nagonganisha mawili, lisilolia kwa ukali naliweka kando kwa sababu halikuiva na litakuja kumomonyoka ndani ya nyumba, nikavunja saruji ya zamani ya sebule, nikatandaza nailoni kuzuia unyevu, nikamwaga mchanga na saruji, nikaloweka matofali yasije yakanywa maji yote ya saruji, nikavuta uzi, nikapima kwa pima maji kila mstari, nikayapanga kwa kupishana kama mifupa ya samaki, na mlango ulipokataa kufunguka kwa sababu sakafu imepanda nikaung'oa nikaukata chini, magoti yangu mpaka leo nayasikia.

Aliporudi alisimama mlangoni na begi lake, akauliza, "Haya ni ya wapi?" Nikamwambia kwa fahari kwamba ni ya pale pale kwetu, tanuruni, akavua ndala, akavuka sebule taratibu, akaenda jikoni akabandika sufuria, na mimi nikadhani furaha imemzidi. Kesho yake nikaanza korido, nikamwita kwa furaha yangu nikamwambia, "Hebu nipitishie hayo machache, kama enzi zetu," akainama akaokota moja, akalishika kidogo, akalirudisha chini, akaingia ndani, na nilipomfuata nikamkuta anaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari, machozi yanamtoka, nikamwuliza kuna nini, akasema, "Hakuna kitu. Sakafu ni nzuri."

Huu ni mwezi wa pili, Mama Mshauri, na mke wangu anapitia mlango wa nyuma, chakula chake anakula jikoni, na hata dawa ya kuchua shingo ambayo mimi ndiye niliyekuwa nampaka jioni tangu ujana wetu, siku hizi anampa binti yetu mdogo ampake. Hanigombezi, angenigombeza ningejua pa kushika. Majirani wanakuja kuisifia sakafu, mmoja ameomba nimtandikie na yeye, rafiki yangu fundi bomba anasema mwanamke akinuna mwache atazoea, na matofali ya chumbani yako uani nimeyafunika turubai. Nampenda mke wangu na nyumba bila sauti yake sebuleni naiona tupu. Niyang'oe yote au niendelee na chumba?

Fundi Aliyekosana na Sakafu Yake

*

Fundi wangu, marahaba, umri unaniruhusu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa pale mlango ulipokugomea. Mara ya pili sikucheka.

Wewe baba una sikio la kugonganisha matofali mawili ukajua lipi halijaiva, halafu mkeo anakwambia "hakuna kitu" na wewe unaandika hivyo hivyo kama ulivyoambiwa? Anaosha vyombo visafi huku analia, na bado unasubiri akufafanulie?

Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Matofali kumi na mawili kichwani, na mimba ya miezi saba. Dawa ya shingo kila jioni, tangu ujana. Yote mawili umeyaandika kwa mkono wako na hukuyaunganisha. Shingo uliyoipenda ndiyo hiyo hiyo uliyokuwa unaichua. Kwako wewe tanuru ni mahali ulipopata mke. Kwake ni mahali alipobeba, na hakuna msichana anayekwenda kubeba matofali kwa kupenda. Alipotoka pale alijua ametoka. Wewe ukamletea tanuru mpaka sebuleni, na kesho yake ukamwambia akupitishie machache, kama enzi zenu. Jamani, fundi.

Lakini sikuoni mtu mbaya. Mtu mbaya hapigi magoti wiki tatu ili mkewe akirudi afurahi, na wengi ambao wake zao huniandikia humu kuwalalamikia hawajawahi kupigilia hata rafu moja ya jikoni. Mkeo analijua hilo, na ndiyo maana amekwama. Atamgombezaje mtu aliyemletea zawadi huku magoti yamemvimba? Akisema haitaki, ataonekana hana shukrani. Akisema anaipenda, anajidanganya. Basi ameona apite nyuma, asikuumize.

Sasa sikiliza. Usiendelee na chumba. Na usiing'oe sebule kwa pupa, kwa sababu ataona yeye ndiye aliyekuharibia kazi, na hilo nalo atalibeba. Matofali yaliyoko uani mpe huyo jirani anayeyatamani, uyapakie mwenyewe, mkeo asiguse hata moja. Kwa ajili ya chumba, mpeleke dukani achague vigae anavyovitaka, na akichagua vyeupe, kazi yako ni kubeba maboksi na kufunga mdomo. Ukiogopa kuteleza, vipo vyenye uso wa kukwaruza, mwoneshe, ila neno la mwisho liwe lake.

Sebule pia ataamua yeye, bila kusukumwa. Akisema itoke, itoke. Akisema ibaki, fundi anayetengeneza ofisi yetu ameniambia sakafu ya matofali ikishakauka kabisa hupakwa dawa ya kuziba vitundu, mara mbili, vumbi lisitoke na madoa yasiingie. Paka hiyo, halafu kuifuta iwe kazi yako, maana katika barua yote ndefu sijaona mahali ulipojiuliza ni nani atakayekuwa anaisugua. Na huyo rafiki yako fundi bomba abaki na mabomba yake.

Lakini hayo ni ya kesho na keshokutwa. Leo jioni ingia jikoni, kaa naye pale pale anapokula. Mwulize swali moja ambalo nina hakika hujawahi kumwuliza: kule tanuruni, kwake yeye, ilikuwaje? Kisha nyamaza. Akisema alikuwa anaumwa, usimkumbushe alivyokuwa amenyooka. Akisema aliogopa kwa ajili ya mimba, usimwambie mbona mtoto alizaliwa salama. Mwache aseme mpaka amalize, hata kama chakula kitapoa. Akimaliza, kuna neno moja ambalo katika barua yako nzima sikuliona, na mkeo amelisubiri tangu siku za lori lile. Mwambie pole.