Ketoni wa Benchi la Katikati

Romana, tangu Jumanne Verdiana alipotutoka nilikuwa sijatoa neno. Leo nimetoa, tena msibani kwao Ilembo, na bado siamini!

Mumewe, Melkior, alinisimamisha ghafla. "Dada, wewe ulisoma naye. Sema lolote."

Nikafungua mdomo: "Jina langu ni Ketoni."

KETONI, Romana! Mbele ya katekista!

Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Ketoni? Ndio ukoo gani huo, wa Sitalike?"

Ikabidi nieleze. Kwamba mwaka sabini na sita, maabara, tulipasha kemikali iitwayo aldehidi pamoja na dawa ya fedha, testityubu ikang'aa ndani kama kioo. Ya ketoni, kemikali nduguye, ikabaki maji matupu. Mwalimu akasema aldehidi ina haidrojeni pembeni, ndiyo maana inachokozeka upesi. Ketoni imebanwa kati ya kaboni mbili, haishtuki.

Na Verdiana akanigeukia, mimi niliyekaa kati yako na yeye, wasemaji wakubwa nyie: "Basi huyu ndiye Ketoni! Kabanwa na hatoi kioo!"

Msiba mzima ukacheka. Nami nikacheka, machozi yakitoka.

Yule bibi akasema, "Basi mwanangu, leo umekitoa."

Melkior akaingia ndani, akarudi na testityubu ile ile iliyong'aa. Verdiana aliitunza miaka yote, Romana! Imepauka, lakini ukiisogeza karibu uso unaonekana.

Sasa iko kwangu, juu ya kabati la vyombo.