Pamela Ndani ya Gauni Langu

Baba Ouma,

Nimekukasirikia hata kulia nimeacha. Tangu tukuzike Bondo sikuwa nimefungua chumba chako cha kuchorea hapa Migosi. Juzi mwenye nyumba akakitaka, nikaenda kutoa vitu vyako. Nikakuta picha imefunikwa shuka.

Yawa! Ni chumba hicho hicho: dirisha, mikebe ya rangi, na wewe umegeuza mgongo, unachora. Mbele yako amekaa Pamela, yule wa kibanda cha chai. Pamela! Tena amevaa gauni langu la kijani, lile nililolitafuta nyumba nzima, nawe ukanisaidia kuinua magodoro. Mwongo wewe.

Nikakaa sakafuni, nikaitazama vizuri. Amekunja mguu mmoja, shavu ameliegemeza mkononi, anaangalia nje kama mtu aliye kwake. Nikasema, mwanamume hachori shingo ya mtu hivi kama hajaizoea. Wivu ulinishika. Nikaibeba hiyo picha mpaka kibandani, wateja wote wanaona.

Pamela hata hakushtuka. Alinimiminia chai, akasema, "Mama Ouma, huyo mzee wako alinichosha! 'Usikae hivyo, mke wangu hakai hivyo. Akitoka sokoni hukunja mguu, hunyamaza kwanza. Hapo hakuna mwanamke anayemfikia.' Kila siku mke wangu, mke wangu."

Akaniwekea kidole kwenye ile picha ndogo unayoichora ndani ya picha. Hasira ilikuwa imenizuia kuiona. Mwili umekaa alivyokaa Pamela, lakini uso ni wangu.

Najua, wewe hukuweza kuchora usichokiona, na mimi kila uliponiomba nikae nilikuwa na samaki wa kuuza. Basi nilipaswa kufurahi, sivyo? Sikufurahi hata kidogo. Sasa ndiyo namwonea Pamela wivu kabisa. Mguu wangu, kunyamaza kwangu, yote hayo aliyasikia yeye. Mimi nikirudi uliniuliza tu kama kuna ugali. Kwa nini hukuniambia, Baba Ouma? Nilikuwa hapo hapo.

Lala salama. Picha siuzi, nimeitundika chumbani. Lakini nakuahidi: siku nitakayokufuata, nitasimama mlangoni, sisalimii, siingii, mpaka unitazame usoni uyaseme mwenyewe.

Mama Ouma