Taa Ndogo za Mbele na Kuku wa Mama Minza

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba Tumaini,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nipelekee shikamoo kwa mama mkwe, maana najua amekaa hapo pembeni anakuchungulia usoni. Mwambie mimi mzima, nakula na ninalala. Ukishamwambia hivyo, inuka uende nyuma ya karakana ukasome peke yako. Hujambo lakini? Mguu unasemaje na baridi hiyo ya Soni? Tumaini aliniambia kwamba mdogo wake Yona ameng'oka meno mawili ya mbele na bado anadai mahindi ya kuchoma. Nilicheka mpaka mpangaji mwenzangu akagonga ukuta.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu yako ina ugonjwa wa spika. Kila nikipiga unaiweka mezani, mama anasikiliza, watoto wanasikiliza, na mteja aliyeleta baiskeli kuzibwa pancha naye anasikiliza. Kuna mambo hayasemeki kwenye mkutano wa hadhara. Ndiyo maana Alhamisi uliponiuliza habari za safari nikakujibu "nzuri tu". Uzuri wenyewe haukuwepo. Nilikuwa nimekaa kitandani na koti la pikipiki sijalivua, simu nimeibana kwa bega. Barua hii anakuja nayo Dada Rehema ninayepanga naye. Anakwenda msibani Korogwe, na akipita Mombo ataishusha kwa shemeji.

Naogopa, mume wangu. Nianze na hilo ili usilitafute katikati ya maneno.

Unajua jinsi kazi yangu ilivyo. Ofisi iko hapa mjini, lakini ng'ombe ninaowachanja wako ng'ambo ya hifadhi, kule Usevya kwa wafugaji wa Kisukuma, na barabara ya kwenda huko inapita katikati ya mbuga. Kila Alhamisi naamka na hofu. Nawaogopa tembo, nawaogopa nyati wanaokutazama kama mtu unayemdai, hata mbung'o nawaogopa, wanaouma juu ya koti kana kwamba sijavaa kitu. Nikiwa juu ya lile dubwana lako la pikipiki angalau najiona mkubwa kidogo. Watu wa hapa wakiliona na yale masanduku yake ya pembeni na kioo cha kukinga upepo, wanadhani kuna mtalii amepotea. Wakikuta ni mwanamke mwenye kilemba amebeba barafu na chupa za chanjo, wanapisha njia.

Bodaboda wa Sitalike ndio walionifundisha desturi yao ya kupita mbugani jioni. Ukikuta tembo amesimama barabarani, usipige honi na usizime injini. Zima taa kubwa, maana ikimpiga machoni inamkasirisha, ubakishe zile ndogo mbili za mbele ambazo wewe unaziita paking. Hizo hazimsumbui mnyama, na anayekuja kutoka mbele anaziona. Halafu unakaa na unasubiri mwenye barabara amalize shughuli zake. Kwa hiyo zile taa ndogo, ambazo nilikuwa nakutania kwamba unazifuta kila asubuhi kama mtu anayempaka mtoto mafuta, huku ndiyo dua yetu.

Wiki iliyopita zikafa zote mbili. Barabara imezitikisa mpaka nyuzi za ndani zikakatika. Nikaenda duka la spea kwa fundi Kashindye, hapa hapa Makanyagio.

"Mama Chanjo," akaniambia, ndivyo wanavyoniita huku, "balbu za wati tano zimeisha. Zipo za bluu, vijana ndo wanazipenda."

"Bluu sitaki. Mbung'o wanapenda bluu, nisijiongezee abiria."

Akacheka. Vitambaa vya bluu vya kunasia mbung'o vimetundikwa njia nzima, kila mtu anavijua. Akafungua droo nyingine. "Basi kuna hizi. Shina ni lile lile, zinaingia. Ila moto wake mkali, Mama Chanjo. Kile kikombe cha plastiki kinachoshika balbu hakitazipenda. Subiri wiki ijayo, mzigo unakuja toka Tabora."

Wewe ungesubiri, najua. Lakini wewe hujalala na picha ya ile barabara kichwani. Niliposikia "moto mkali", mimi nilisikia mwanga mwingi, na hofu yangu ilikuwa inataka mwanga mwingi. Nikamwambia anipe hizo hizo. Nikazifunga mwenyewe uani, na nilikuwa najisikia kweli kweli. Nilifungua kava, nikapenyeza mkono kwa chini ule upande unaochuna ngozi, nikashika balbu kwa kitambaa kisafi kama ulivyonifundisha. Nilipogeuza swichi, uwanja mzima ukang'aa. Dada Rehema akatoka jikoni kuangalia kama umeme umerudi.

Sasa sikiliza, na ukae chini ikiwa umesimama.

Alhamisi ng'ombe walikuwa wengi kuliko tulivyoambiwa, tukachelewa. Nilipokuwa nafunga masanduku, akaja Mama Minza, yule mama wa Kisukuma anayenipikia uji kila nikienda. Bintiye alikuwa amelazwa hospitali mjini akisubiri kujifungua, na magari yalikuwa yameshapita. Alikuwa na kuku mweupe kwapani.

"Mwanangu, nipakie. Na huyu nimpeleke, akachemshiwe mgonjwa supu."

Ningekataaje? Nikampakia, akanishika kiuno, kuku akakaa katikati yetu, tukaondoka. Njia nzima alikuwa ananisimulia habari za wakwe zake, nami nikamshukuru Mungu, maana mtu anayeongea anapunguza ukubwa wa pori.

Tulikuwa tumebakiza kipande tu kufika Sitalike. Jua limeshazama ila weupe bado upo angani. Tukatoka kwenye kona, na hapo mbele nikaona kitu kikubwa kimeziba njia. Tembo jike, na mtoto wake chini ya tumbo. Nikashika breki taratibu, nikafanya nilivyofundishwa. Taa kubwa nikazima, ndogo nikaacha, injini ikaendelea kunguruma polepole.

"Mayo wane, mama yangu!" Mama Minza akasema sikioni mwangu. "Usiende mbele."

"Siendi, mama."

"Na usirudi nyuma."

"Sirudi."

"Sasa tunafanyaje?"

"Tunakaa."

Tukakaa. Tembo alikuwa anapeperusha masikio. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Halafu nikasikia harufu. Wewe unaijua, ile ya plastiki inayoungua, inayokaa kooni. Nilidhani inatoka porini. Kumbe zile balbu zangu za kujivunia zilikuwa zinapika vikombe vyake pale tuliposimama bila upepo. Zikazimika ghafla, zote mbili, na dashibodi ikawa nyeusi. Nikageuza shingo kuangalia nyuma, juu ya namba, na pale napo palikuwa giza. Nikakumbuka maneno yako: taa ndogo za mbele na taa ya nyuma ni ndugu wa fyuzi moja, akiugua mmoja wanalala wote.

Baba Tumaini, hapo sikuwaza tembo tena. Nilikuwaza wewe. Nilikuona pale Mombo jioni ile, taa yako ya nyuma imezima na wewe hujui, lori likakuchukua kwa nyuma. Nilikuona ulivyorudi na mguu usiokunjika, ukanikabidhi funguo za pikipiki ukasema wewe basi. Na mara nikalisikia. Lori lilikuwa linakuja nyuma yetu, bado liko upande wa pili wa kona, gia inabadilishwa.

Kuwasha taa kubwa kusingesaidia, ingemchokoza mama mwenye mtoto na nyuma tungebaki giza vile vile. Kulisukuma dubwana pembeni, pembeni ni mtaro. Simu iko ndani ya koti na vidole havifungui zipu. Nikabaki nimeshika usukani kama mtu aliyegundishwa. Siwezi kukudanganya, sikushuka.

Mama Minza akashuka. Sijui alishukaje, mama wa mwili ule. Akakimbia kando ya barabara kuelekea kwenye kona, akamkamata kuku miguu, akamwinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Kuku akapiga kelele, akapiga mabawa, mabawa meupe yale, na taa za lori zikamkuta hapo hapo.

Halafu zikalia breki.

Lilisimama karibu kiasi kwamba joto la injini yake nililisikia mgongoni. Tembo alishtuka kwa ule mlio, akamsukuma mtoto kwa mkonga, wakaingia porini wakivunja matawi. Kisha kimya, isipokuwa kuku.

Dereva akafungua mlango akaruka chini. "Nyie mnataka kufa? Taa ya nyuma iko wapi?"

Mama Minza ndiye aliyejibu, bado amemwinua kuku. "Imezima sasa hivi, baba. Usimgombeze, ameshaogopa huyu."

Dereva akamtazama mama, akamtazama kuku. "Pikipiki sikuiona kabisa," akasema, sauti imeshuka. "Nimeona kuku anaruka angani. Nikasema leo nimelogwa." Akajipangusa uso kwa kofia. "Haya, washa hiyo kubwa, tangulieni polepole. Mimi nitakaa nyuma yenu mpaka mjini. Asije akawagonga mwingine."

Akafanya hivyo kweli. Mpaka Mpanda lori lile la mpunga lilikuwa nyuma yangu, na kila lilipokaribia kidogo nilijikuta nainamia usukani, japokuwa nilijua ananilinda. Nilimshusha Mama Minza hospitali. Bintiye amejifungua salama Ijumaa, mtoto wa kike. Kuku hakuchinjwa. Mama Minza amesema mtu hamli mwokozi wake, akamleta kwangu nimtunze. Sasa hivi amefungwa mguu hapa mlangoni, ananiangalia nikiandika, na jana alitaga ndani ya kofia yangu ya pikipiki.

Kashindye nilimpelekea vile vikombe vilivyoyeyuka. Hakusema "nilikwambia". Ameviweka kaunta ili wanaodai balbu za moto mkali waonyeshwe kwanza. Ananitafutia vingine lakini siviamini, nataka mkono wako. Nitumie balbu mbili za wati tano na vikombe vyake, uzifunge ndani ya soksi kama ulivyozoea, umpe Dada Rehema anaporudi. Alhamisi hii nitakaa ndani ya gari la mpunga, nimeshaongea na yule dereva. Ile inayofuata nitaendesha. Chanjo ya pili haisubiri, na nikiacha wiki mbili najijua, sitapanda tena. Naogopa kupanda na naogopa kutopanda, na sijui ipi ni kubwa.

Lakini sikuandika kwa ajili ya balbu tu. Nimekuuliza mara nyingi ulisikia nini jioni ile ya Mombo, nawe kila mara ulinijibu, "Nilisikia njaa." Tunacheka, yanaisha. Nilidhani umesahau. Nilidhani wanaume mna kichwa kinachofuta. Na ukishtuka lori likipita barabarani, ukaacha spana ukashika meza, nilijifanya sioni, nikakuletea chai.

Sasa nimezisikia zile breki. Wewe zilikukuta, mimi zikasimama. Toka Alhamisi zinalia kichwani, nikioga zinalia, leo kanisani kwaya inaimba na zenyewe zinalia. Wewe umeishi nazo humo ndani ya kichwa peke yako, na mimi niko kitanda kimoja na wewe nakutania habari za kufuta taa. Sitakuuliza tena, mume wangu. Ila siku utakayotaka kusema, nipigie, na siku hiyo usiweke spika.

Msalimie mama mkwe, na akiuliza mbona umekaa sana nyuma ya karakana, mwambie nimeomba dawa ya mbung'o. Msalimie shemeji Elisa, asiifungue barua njiani kama kawaida yake. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya tatu ninaifanyia mazoezi barabarani, hakuna anayelalamika isipokuwa nyati. Tumaini amsaidie mdogo wake kula upande wenye meno. Yona mwambie mama ana kuku, asiulize tutamla lini.

Ni mimi mkeo, Mama Tumaini. Leo asubuhi nimeifuta pikipiki, nikaanza na zile ndogo za mbele, ingawa hazina kitu ndani.